Filimbi za Darasa la Sita

Mabomba manne tu ya plastiki ya robo tatu ya inchi yalikuwa yamebaki katika duka lile la vifaa vya ujenzi mjini Kahama, na Jumamosi hiyo watu wawili waliyashika kwa pamoja. Upande mmoja alikuwa Mwalimu Salvina, binti wa Ushirombo, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa na viatu vya wazi ambavyo vumbi la sokoni lilikuwa limekwisha kuvibadilisha rangi. Upande wa pili alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Buti zake, hata hivyo, zilikuwa na ule ukungu wa kijivu wa mawe ya dhahabu usiotoka hata kwa brashi.

"Dada, achia."

"Achia wewe, kaka. Nimeyaona kwanza."

"Umeyaona kwa macho. Mimi nimeyashika kwa mkono."

"Na huu wangu ni mguu?"

Wateja waliosongamana kwenye kaunta walicheka. Mwanamume naye alitaka kucheka akajizuia.

"Unajengea nini mabomba membamba hivi? Choo cha kuku?"

"Nafundisha muziki darasa la sita. Bomba moja nikilikata natoa filimbi kumi na nane. Nina watoto arobaini na wawili na filimbi sita. Wanapokezana kama wagonjwa wanaogombea kipimajoto."

"Mimi natoa maji duarani, shimoni kwa wachimbaji. Watu wanane wako chini sasa hivi, maji yamewafika magotini."

Salvina alifungua mdomo amjibu, na hapo ndipo alipouona mkono ukipita chini ya kwapa lake. Simu aliyokuwa ameiweka kwenye kaunta ikaondoka nao.

"Mwizi!"

Neno hilo mjini Kahama halisemwi mara mbili. Mwizi, jamaa mwenye ndevu za siku tatu, alikuwa hajafika hata barabarani. Yule mwanamume alichomoa bomba moja mkononi mwa Salvina, akalizungusha chini chini, likampata mwizi kwenye muundi wa mguu. Jamaa akaanguka kifudifudi mbele ya wauza viazi. Simu ikateleza. Watu wakafika wakiwa na mawe tayari, kana kwamba walikuwa wametembea nayo tangu asubuhi. Jiwe la kwanza lilipasua nyusi ya mwizi, na damu ikarukia pindo la kitenge cha Salvina. La pili lilimvunja jino. Mtu mmoja alikuwa anakuja mbio akiviringisha tairi kuukuu la pikipiki, na mwingine akiuliza nani ana petroli.

Mwanamume wa mabomba akaruka, akasimama juu ya mwizi, mguu huku na mguu huku.

"Acheni! Namjua huyu!"

"Unamjua vipi?"

"Ni mtu wa duarani kwetu. Ana homa kali, kichwa chake hakiko sawa tangu juzi. Simu imerudi. Nampeleka mimi mwenyewe."

Jiwe la tatu lilimpata yeye mgongoni. Hakusogea. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, na mawe yakaanza kudondoka chini yenyewe. Mwizi alitambaa mpaka nyuma ya mkokoteni, akapotea.

Salvina aliokota simu yake, akaifuta vumbi.

"Kweli unamjua?"

"Nimjulie wapi? Hata jina lake sijui. Lakini mtu asipojulikana na yeyote saa kama ile, wanamchoma." Alipukuta shati lake, ambalo sasa lilikuwa na alama ya jiwe. "Naitwa Maige. Wewe chukua mawili, mimi mawili. Nikipata mengine nitakuletea. Lakini nitajuaje unapokaa, Mwalimu, kama sina namba?"

"Una maneno wewe."

"Namba kwanza. Maneno yatafuata."

Na maneno yakafuata kweli. Maige alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayopangwa kuzuia kuta za shimo zisiporomoke, katika maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Kila siku saa kumi alipopanda juu alinawa mikono, akapiga simu, akaanza kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwalimu wangu, mwadila?"

"Mwadila. Leo umetoka mzima?"

"Nimetoka na vidole kumi. Nimevihesabu."

"Vitunze. Nataka nikufundishe filimbi, na filimbi yangu ina matundu sita."

"Mimi Msukuma nimezaliwa na ngoma, filimbi itanishinda?"

"Watoto wote husema hivyo siku ya kwanza. Kisha wanapuliza kama wanawasha mkaa uliolowa, inalia kama nguruwe."

"Sasa mpenzi, utanifundishia wapi? Nije Igalulumo?"

Hapo Salvina alikwepa kila mara. Igalulumo, kijiji alichofundisha, kilikuwa na macho mengi. Alipanga chumba kwa Mama Nelly, mwanamke ambaye habari haikulala kwake bila kupewa nauli ya kwenda kwa jirani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Edward, alikuwa mtu wa jumuiya ya kanisa na alimsifu Salvina kwa wazazi wake kila walipoonana misheni. Na baba yake Salvina, mwalimu wa kwaya aliyemfundisha do, re, mi kabla hajajua a, e, i, alikuwa ameshasema mezani kwamba mchimbaji ni mtu wa kuzika, si wa kuozeshwa binti. Basi kwa miezi mitatu walionana Kahama tu, Jumamosi, katika mgahawa mmoja nyuma ya soko.

"Unanificha," Maige alimwambia siku moja, akitabasamu, ila macho hayakuwemo katika tabasamu lile.

"Nakutunza."

"Kinachotunzwa hufunguliwa siku moja kikaonwa."

"Subiri kidogo, Maige. Kidogo tu."

Salvina alibadilisha mazungumzo. Alimwuliza kama duarani kuna muziki. Maige alichukua kijiko, akagonga chupa ya soda mara moja. Akanyamaza. Salvina, kwa mazoea ya kazi, alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Maige akagonga tena.

"Huu ndio wetu. Shimo likiporomoka, mtu anagonga chuma hivi. Pigo moja, kimya, pigo moja. Ukiusikia, hata mwenye karasha la kusagia mawe anazima mashine. Kila mtu anasimama alipo. Haongei, hakohoi. Tunasikiliza kama kuna anayegonga kutoka chini."

"Mkisikia?"

"Tunachimba kwa mikono."

"Na msiposikia?"

Maige alikunywa soda yake yote kabla ya kujibu. "Tunaendelea kusikiliza."

Filimbi arobaini na mbili zilikamilika mwezi wa tano. Salvina alizikata mwenyewe kwa msumeno, akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akachonga vizibo vya mti vya kutia mdomoni. Alhamisi moja mchana alizigawa. Alifundisha kwa utaratibu aliorithi kwa baba yake: kwanza kukaa wima, pili pumzi, tatu mapigo. Nyimbo baadaye.

"Leo sitaki utamu," aliwaambia. "Nataka sauti na hesabu. Tatu fupi, moja ndefu. Semeni kwa mdomo."

"Ti-ti-ti, taaa!"

"Mbuke, wewe unakimbia. Nani anakufukuza?"

"Hakuna, Mwalimu." Mbuke alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye pumzi kuliko wote.

"Basi tembea. Ti-ti-ti, taaa. Hii ni kazi ya nyumbani. Kila mmoja akifika kwao apulize mara ishirini. Ukimsikia mwenzako upande wa pili, mjibu. Muziki ni kusikilizana."

Salvina alikuwa mgeni wa mwaka mmoja pale. Kwao Ushirombo hatari huitwa kwa yowe la mdomo. Hakujua kwamba Igalulumo, sungusungu, yaani wale wanaume wa kijiji wanaolinda mali na watu kwa silaha za jadi, walikuwa na filimbi zao za chuma, na kwamba fupi tatu na ndefu moja maana yake ni moja tu: mwizi ameonekana, funga njia. Anayesikia hapeleki swali, anapokea na kupuliza, ili boma la pili lisikie na la tatu lipokee. Watoto walijua, ila kwao filimbi ya Mwalimu ilikuwa ya Mwalimu. Nani angedhani bomba la maji litawakusanya baba zao?

Saa kumi na moja jioni Mbuke alipuliza nyuma ya zizi la baba yake. Alipuliza kwa nguvu zote kama wanavyopuliza wote wanaoanza, na bomba likatoa mlio mkali wa kukata masikio. Mwenzake ng'ambo ya shamba la pamba akajibu. Mwingine akapokea. Katika dakika tano kijiji kizima kilikuwa kinalia.

Wanaume waliacha majembe. Walitoka na marungu, mikuki, pinde na mapanga, bila kuulizana. Na kwenye njia itokayo barabara kuu, peke yake, uso usiojulikana na mtu, alikuwa anakuja mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, ana mzigo mrefu begani umefungwa kwa gunia.

Yalikuwa mabomba sita ya robo tatu. Maige alikuwa amechoka kusubiri kidogo.

Salvina alisikia yowe akiwa anafua nje kwa Mama Nelly. Alikimbia na wengine, kanga imelowa, mapovu mikononi. Alipofika kwenye uwazi wa mnadani watu walikuwa wamefanya duara. Aliona kwanza gunia limechanika na mabomba yametapakaa. Kisha aliona shati. Lilikuwa jekundu mpaka kiunoni. Mtu aliyelivaa alikuwa amepiga magoti, sikio moja limening'inia, jicho moja limefumba kwa uvimbe, na alikuwa ameviweka viganja vyote viwili juu ya utosi. Kila rungu lilipotua lilitoa sauti kavu, kama mtu anapasua kuni. Hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu: "Sijaiba. Sijaiba."

Mzee Ng'wandu, mtemi wa sungusungu, aliinua fimbo yake nyeusi. Marungu yakasimama. Ilikuwa desturi yao, na hakuna aliyethubutu kuiruka: kabla mtu hajamalizwa, lazima kijiji kiulizwe.

"Nani anamjua mtu huyu?"

Maige aliinua uso. Jicho lake moja lilizunguka duara la watu, likampata Salvina, likatulia.

Moja.

Mwalimu Edward alikuwa amesimama kulia kwa Salvina.

Mbili.

Mama Nelly alikuwa kushoto, kanga mdomoni, macho yanakusanya kila kitu.

Tatu.

Maige hakumwita jina. Angeweza. Alifunga mdomo wake uliojaa damu, akasubiri.

Nne.

Mzee Ng'wandu akashusha fimbo. Rungu la kichwa cha chuma lilishuka juu ya vile viganja, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjikavunjika juu ya fuvu.

"Namjua!" Salvina alipiga kelele, akajitupa juu yake. Rungu jingine lililokuwa njiani likamkwaruza bega. "Namjua! Ni mchumba wangu! Mnaniulia mchumba wangu!"

Mzee Ng'wandu alimsogelea.

"Mwalimu, kama unamjua, ulikuwa unangoja nini?"

Maige alikuwa ameegemea tumbo la Salvina kwa uzito wake wote. Alisema polepole, kwa sauti ambayo ni Salvina tu aliyeisikia:

"Yule wa Kahama sikumjua hata jina."

Kisha akazimia.

Jambo jingine lilitokea jioni ile. Mzee Ng'wandu aliuliza nani alipuliza kwanza. Watoto walikuwa wamezificha filimbi chini ya vitanda. Salvina, aliyetambua sasa kwamba mlio ulitoka kwenye somo lake, alitazama chini. Basi ikaamuliwa kwamba mwizi alionekana kweli, akatoroka, na kwamba mchumba wa Mwalimu labda alikuwa mwenzake. Jina hilo la mwizi likaondoka na Maige kwenye gari lililompeleka hospitali.

Salvina alipiga simu siku ile, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne ilipokewa, si na Maige.

"Nani?"

"Shikamoo dada. Ni Salvina. Naomba niongee na Maige."

"Mimi Limi, dada yake. Marahaba yako baki nayo. Unataka kuongea na mkono upi? Wa kushoto ndio unaoshika simu siku hizi. Vidole viwili vya kulia wamevikata hospitali jana."

"Dada Limi, nakuomba..."

"Alikuja kwako amepiga pasi! Nilimpigia pasi mimi! Wakamrudisha kwangu kwenye shuka." Sauti ya Limi ilikatika, ikarudi ikiwa ngumu. "Usipige tena. Na huko kwenu waambie wanaume wa Bulyanhulu wamesikia."

Walikuwa wamesikia kweli. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumziko wanakunywa uji, mlio wa pikipiki ulitoka upande wa barabara. Zilikuwa thelathini, kila moja watu wawili, mapanga mgongoni na mitaimbo ya kuvunjia mawe mikononi. Mbele alikuwa Enock, mwenzake Maige wa shimo moja, mtu mfupi mwenye shingo ya fahali.

Hawakuuliza chochote. Kibanda alichouzia Mama Nelly maandazi kilikuwa cha kwanza njiani. Walikimwagia petroli, kikawaka pamoja na maandazi ya asubuhi. Mlinzi wa sungusungu aliyejaribu kuziba njia alikatwa panga la bega, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Filimbi za chuma zililia, fupi tatu na ndefu moja, na safari hii zilisema kweli. Wanaume wa Igalulumo walijipanga upande wa pili wa uwanja wa shule. Mshale ulitoka, ukamwingia mchimbaji mmoja pajani. Akauvunja kwa mkono, akaendelea kutembea. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na watoto mia sita na vikombe vya uji.

"Darasani! Lala chini!" Mwalimu Edward alikuwa anapiga kelele, lakini hakuna aliyesikia. Pikipiki zilikuwa zinanguruma zote kwa pamoja.

Salvina alikuwa chini ya mti wa kengele. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya, na nondo ya kugongea ilikuwa miguuni pake. Hakuwa amepanga. Mkono wake uliokota nondo, ukagonga mara moja, kwa nguvu zote.

Moja, mbili, tatu, nne.

Akagonga tena.

Moja, mbili, tatu, nne.

Mtu wa kwanza kuzima pikipiki alikuwa Enock. Hata yeye alionekana kushangaa mkono wake ulipogeuza ufunguo. Wa pili akazima, wa tatu, wa kumi. Wengine panga lilikuwa juu. Walilishikilia pale pale juu. Wanaume sitini waliokuja kuua walisimama kama walivyosimama kila siku ya msiba wao, vichwa vimeinama kidogo, masikio yakitafuta ardhini. Watu wa Igalulumo, ambao hawakujua wanachokiona, waliogopa wakasimama nao. Moto tu wa kibanda ndio uliosikika ukitafuna mbao.

"Nani huyo?" Enock aliuliza kwa sauti ya chini. "Mlio huo hauchezewi, dada. Nani yuko chini?"

"Maige," Salvina alisema. "Amefukiwa chini ya jina la mwizi, na aliyemfukia ni mimi."

Alitoka chini ya mti, nondo bado mkononi. Alisema yote, bila kupamba, huku anawatazama watoto wake. Kwamba hakukuwa na mwizi siku ile. Kwamba filimbi zilikuwa zake, fupi tatu na ndefu moja zilikuwa somo lake, na watoto walitii tu. Kwamba aliulizwa kama anamjua Maige akanyamaza mpaka vidole vikavunjika, kwa sababu aliona haya kupenda mchimbaji mbele ya mwalimu mkuu na mama mwenye nyumba. Kwamba aliulizwa nani kapuliza, akanyamaza tena.

Fimbo ilitoka upande wa kijiji chenyewe. Aliyeishika alikuwa ndugu wa yule aliyekatwa bega. Ilimpiga Salvina juu ya paji la uso, ngozi ikafunguka, damu ikamjaa macho. Alianguka goti moja. Akasimama.

"Piga," alisema. "Lakini wa kupigwa ni mimi. Si hawa, wala si wale."

Fimbo ikainuka tena, na Mzee Ng'wandu akaidaka kwa mkono wake wa kizee. Mbuke alitoka katika mstari wa watoto, analia, akaweka filimbi yake ya bomba chini mbele ya mtemi. Mtoto wa pili akafuata. Mzee alichutama, akaokota moja, akaitia mdomoni. Fupi tatu, ndefu moja. Alibaki ameishika, na kila mtu akaona uso wake ukizeeka.

"Tulimpiga mtu bure," alisema.

Enock alitema mate. Alitazama panga lake, akalifutia suruali. "Majeruhi wa pande zote wapande pikipiki," aliamuru. "Hospitali ni ile ile."

Jumapili Salvina alikwenda Nyahanga, mjini Kahama, kwa Limi. Alivaa lile gauni la chungwa. Doa la damu ya mwizi kwenye pindo halikuwa limetoka. Kwenye paji alikuwa na nyuzi saba. Limi alifungua mlango, akaziangalia nyuzi zile, akasogea pembeni ampishe.

Maige alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kulia ulikuwa mfuko wa bandeji, na lile jicho lililovimba lilikuwa halifumbuki tena.

"Enock kaniambia," alisema kabla hajasalimiwa. "Kasema uligonga rimu vizuri. Hesabu haikuyumba."

"Nilifundishwa na mtu anayejua."

Hakutabasamu. "Siku ile, ulihesabu ngapi?"

"Nne."

"Nami nilihesabu nne. Nilisema ikifika tano nitafumba jicho." Alimgeukia. "Ulinionea haya, Salvina?"

Angeweza kusema aliogopa, na ingekuwa nusu ya kweli. "Ndiyo. Nilikuonea haya."

"Na sasa?"

"Sasa najionea haya mimi. Jana nilikwenda Ushirombo. Nimemwambia baba jina lako, kazi yako, na nilichokufanyia. Hakugusa chakula mpaka kikapoa. Kisha akasema mchimbaji aliyepigwa hivyo bila kunitaja jina ana adabu kuliko binti yake."

"Baba yako kasema hivyo?"

"Kasema ukipona uende akuone. Kama bado unataka. Kama hutaki, sitakulaumu."

Salvina alifungua mkoba, akatoa filimbi moja ya bomba, mpya, akaiweka kwenye goti la Maige.

"Ina matundu manne tu," Maige alisema baada ya kuigeuza kwa mkono wa kushoto.

"Nimetoboa kufuata vidole ulivyobaki navyo. Wimbo wake utakuwa mfupi, lakini upo. Nimejaribu."

"Mpenzi." Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nina hasira na wewe. Zitakaa. Usiku nikigeukia upande wa sikio hili nitakukasirikia."

"Nitakuwepo unikasirikie."

"Hata uzeeni?"

"Hata uzeeni."

"Basi nioe mwanamke mwenye kovu usoni, na yeye aolewe na mwanamume wa vidole vinane. Watoto wetu watatuogopa."

Ndani ya nyumba Limi alicheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Mwezi uliofuata kijiji kiliitwa mnadani, mahali pale pale, saa kumi na moja jioni, kwa kuwa desturi ya Igalulumo inataka mtu asafishwe jina pale alipochafuliwa. Wachimbaji walikuja, mikono mitupu. Yule mlinzi aliyekatwa bega alikuja na mkono wake shingoni. Darasa la sita walikaa mbele, filimbi zao magotini, zimerudishwa kwa sharti moja la mtemi: kwamba somo la kwanza litaanza kwa ndefu, ili lisichanganywe na mlio wa mwizi. Nyuma yao, kwenye benchi la wazee, alikaa mwalimu wa kwaya kutoka Ushirombo, kofia mkononi.

Maige alitembea peke yake mpaka katikati. Shati lilikuwa jeupe, jipya, limepigwa pasi. Alipofika mahali alipopiga magoti siku ile, alisita hatua moja, na watu wote waliona.

Mzee Ng'wandu aliinua fimbo nyeusi.

"Nani ana—"

"Namjua!"

Salvina alikuwa ameshasimama. Sauti yake iligonga mabati ya mnada ikarudi. Watoto waligeuka kumtazama, Mama Nelly akashika mdomo, na Mzee Ng'wandu akabaki na fimbo hewani na swali nusu.

"Mwalimu," alisema, "sijamaliza kuuliza."

"Samahani, mtemi. Uliza."

Lakini Maige alikuwa anacheka, ameshika mbavu ambazo bado zilimwuma, anacheka na machozi yanamtoka jicho moja tu, lile zima. Alinyoosha mkono wa kulia, wa vidole vitatu, na Salvina akavuka uwanja akaushika mbele ya watu wote.